Machozi ya Msomaji na Jina la Tom Robinson

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la somo la fasihi ya Marekani una sentensi ambayo niliionea fahari kwa muda mrefu: "Nililia waliposimama wote ili Atticus apite." Profesa alikuwa ametupa riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kwa sharti moja: tuisome, kisha tuandike tulichohisi kabla hatujagusa kitabu chochote cha historia. Mimi ni mtoto wa Tanga, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Minnesota, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza nimehisi nini. Nikaandika kurasa nne.

Kwa asiyeijua, kisa cha riwaya hiyo kiko katika mji wa kubuni huko Alabama, miaka ya 1930. Tom Robinson, mtu mweusi ambaye mkono wake wa kushoto uliharibiwa na mashine ya kuchambulia pamba, anasingiziwa kumbaka binti wa kizungu. Wakili mzungu, Atticus Finch, anamtetea kwa moyo wote, na ushahidi unaonyesha wazi kwamba Tom hakutenda. Wazee wa mahakama, wote wazungu, wanamtia hatiani. Atticus anapotoka, watu weusi waliotengewa roshani ya juu wanainuka kumheshimu. Msimulizi ni Scout, binti wa wakili huyo.

Ilipofika wiki ya sita, daftari zile zilikuwa zimetugawa. Wengine walisema ni njia bora ya kuingia katika historia ya haki za kiraia. Wengine walisema zinatufundisha kujitazama wenyewe huku watu wanakufa kwenye ukurasa. Nimekaa na ubishi huo mwaka mzima, na sioni kwamba upande wowote unaweza kupuuzwa.

Nianze na hoja ya profesa, kwa sababu ndiyo iliyonileta hadi hapa. Alisema tunafika chuoni na majibu yaliyokwisha kukaririwa: 1954 mahakama ya juu ya Marekani ikakataza ubaguzi wa rangi mashuleni, 1955 Rosa Parks akakataa kumwachia mzungu kiti cha basi, 1963 hotuba ya Martin Luther King, 1965 haki ya kupiga kura. Mtu anaweza kuitaja miaka hiyo yote na asipungukiwe usingizi hata usiku mmoja. Tena, wapigania haki wenyewe walijua nguvu ya hisia. Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, alipouawa Mississippi mwezi Agosti 1955, mama yake, Mamie, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu waone alichofanyiwa mwanawe. Maelfu wakapita kumtazama, na jarida la Jet likachapisha picha. Mwezi uliofuata jopo la wazungu watupu liliwaachilia waliomuua baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja na dakika chache, lakini picha ile haikurudi tena gizani. Mama yule hakutoa takwimu. Aliwataka watu watazame, waumie, kisha wajiulize watafanya nini. Anayesema hisia za msomaji ni anasa inabidi kwanza amjibu Mamie Till.

Upande wa pili ulisemwa na mwanafunzi mwenzangu, Mmarekani mweusi ambaye bibi yake alikulia Mississippi. Alikuwa mkimya kwa wiki nyingi. Siku aliyozungumza alisema kwa sauti ya chini kwamba kila Jumanne anakaa akisikiliza watu ishirini wakieleza jinsi maumivu ya ukoo wake yalivyowagusa wao. Akatuomba turudi kwenye daftari zetu tuhesabu majina. Mimi nilihesabu. Katika kurasa zangu nne, Atticus alitajwa mara kumi na moja. Tom Robinson alitajwa mara mbili, na moja kati ya hizo nilikuwa nimeandika tu "yule mtuhumiwa".

Nilipoirudia riwaya na hesabu hiyo kichwani, niliona kwamba sikukosea peke yangu. Kifo cha Tom hatukioni. Tunakipokea kama habari iliyoletwa jikoni: alijaribu kutoroka gerezani, walinzi wakampiga risasi kumi na saba. Mke wake, Helen, tunasimuliwa tu jinsi alivyoanguka chini alipowaona waleta habari. Kisha tunarudi nyumbani kwa akina Finch, kwenye huzuni ya watoto. Riwaya imejengwa ili tuhisi anachohisi mtoto wa wakili, na daftari langu likaongeza chumba kingine juu ya nyumba hiyohiyo.

Watetezi wa riwaya wana jibu, na si dogo. Ilitoka mwaka 1960, miaka minne tu baada ya Chuo Kikuu cha Alabama, ambako Harper Lee mwenyewe alisoma, kumfukuza Autherine Lucy, mwanafunzi mweusi wa kwanza kuingia pale, kufuatia ghasia za wazungu waliomkataa. Kuwaambia wasomaji wazungu wakati ule kwamba mahakama yao ilihukumu mtu huku ikijua hana hatia, na kuwaambia kwa sauti ya mtoto wao wenyewe, kulihitaji ujasiri. Mwandishi aliandika kutoka pale alipokaa. Sidhani tungemsadiki zaidi kama angejifanya Helen.

Hata hivyo kuna pengo ambalo hoja ya "ndivyo mambo yalivyokuwa" hailizibi. Watu weusi wa riwaya hii wanasubiri. Wanaketi juu, wanasimama, wanaleta vyakula nyumbani kwa wakili kumshukuru. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1930, Alabama halisi ilikuwa na kesi ya vijana tisa wa Scottsboro, waliokamatwa mwaka 1931 kwa shtaka la kusingiziwa linalofanana na la Tom, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo mwanzoni. Ada Wright, mama wa wawili kati yao, hakuketi. Mwaka 1932 alizunguka Ulaya nchi baada ya nchi akiwaombea watoto wake msaada. Fikiria safari hiyo: mama mweusi kutoka Kusini mwa Marekani ya wakati ule, amepanda meli, anasimama mbele ya umati wa watu wasiojua lugha yake. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Na mawakili weusi walikuwepo. Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alipokataa kuachia kiti chake katika basi la Montgomery tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, aliyemtetea ni Fred Gray, kijana mweusi wa miaka 24 ambaye ilimlazimu kwenda kusomea sheria Ohio kwa kuwa Alabama isingempokea. Colvin na wanawake wengine watatu ndio waliokuwa walalamikaji katika kesi iliyovunja sheria ya ubaguzi wa rangi katika mabasi. Usiku ule Parks alipokamatwa, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson alikesha akidurufu maelfu ya vipeperushi vya kususia mabasi. Watu wakatembea kwa miguu siku 381. Ukimwondoa Parks, hakuna hata mmoja kati ya hawa niliyekuwa namjua nilipokuwa nalia kwa ajili ya Atticus.

Kwa hiyo je, daftari zichanwe? Hapo ndipo linanipata jambo la nyumbani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa mzungu katika shamba moja la mkonge, zamani za Tanganyika ya Mwingereza. Aliitwa "boi" hadi akaota mvi. Katika riwaya, mpishi wa akina Finch ni Calpurnia, mwanamke mweusi aliyewalea watoto wale. Siku moja anawapeleka kanisani kwake, na Scout anashangaa kumsikia akizungumza tofauti na anavyozungumza nyumbani kwao. Niliisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nikiwa Scout, nikashangaa pamoja naye. Mara ya pili nilikumbuka jinsi babu alivyokuwa akituigizia sauti mbili, ile ya "ndiyo bwana" na ile ya barazani kwa wenzake, nikaona aibu. Nilikuwa nimeisoma riwaya nzima kutoka sebuleni, ilhali damu yangu ilikuwa jikoni. Hakuna kitabu cha historia ambacho kingenionyesha hilo. Daftari ndilo lililonionyesha, kwa kuwa lilihifadhi nilichokihisi kabla sijajifunza kuficha.

Nikayasoma haya darasani. Yule mwenzangu aliniangalia, akasema: "Umetoka kwa Atticus, umehamia kwa babu yako. Bibi yangu bado yuko nje." Alikuwa na haki. Tanganyika nayo ilizitenga shule na hospitali kwa rangi, lakini babu hakuishi katika nchi ambayo mtoto wa miaka 14 anaweza kuuawa kwa kudaiwa kumpigia mluzi mwanamke wa kizungu, na wauaji wakarudi nyumbani. Kufanana kunaweza kuwa njia ya kumkaribia mtu, na kunaweza kuwa njia ya kumchukulia nafasi yake, na aliyemo ndani haoni ni lipi analofanya.

Kilichonisaidia kutofautisha ni jina moja. Bob Moses alikwenda Mississippi mwaka 1961 kuandikisha wapiga kura weusi, akapigwa, akafungwa, akarudi tena kazini. Nilipofuatilia maisha yake niligundua kwamba kuanzia 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania na mkewe, akifundisha hisabati Same. Nimepita Same sijui mara ngapi nikienda Moshi kwa basi. Binti yao wanamwita Maisha. Huu ni uhusiano wa kweli kati ya nchi yangu na historia ile, wala sikuupata kwa kujisikiliza moyo. Niliupata maktaba.

Msimamo wangu sasa ni huu: mwanafunzi aandike anachohisi, ila aandike mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kujua, mara ya pili baada ya kusoma kumbukumbu za kesi, magazeti ya wakati ule na maisha yaliyoandikwa na wenyewe, na alama zitolewe kwa umbali kati ya maandiko hayo mawili. Riwaya ya Lee isisomwe peke yake. Mwaka 2022 bodi ya shule za Mukilteo, jimbo la Washington, iliiondoa katika orodha ya lazima ya darasa la tisa bila kumkataza mwalimu anayeitaka, na naona uamuzi huo ni wa busara kuliko kelele zilizoufuata. Kando yake ningeweka Coming of Age in Mississippi, kitabu cha mwaka 1968 ambamo Anne Moody, mwanamke mweusi, anasimulia maisha yake mwenyewe. Huyu alisafisha nyumba za wazungu akiwa bado shule ya msingi, na tarehe 28 Mei 1963 aliketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu pekee katika duka la Woolworth mjini Jackson huku wakimmwagia sukari na haradali. Kitabu chake kinaishia ndani ya basi wenzake wakiimba kwamba watashinda, naye hana uhakika. Msomaji hapewi pa kupumzikia. Sikutoa chozi hata moja. Nilibaki na maswali.

Kwa mojawapo ya maswali hayo nilimpigia simu mama. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza babu alilipwa shilingi ngapi kwa mwezi. Akafikiri. Akaniambia yule bwana alikuwa mtu mwema sana, siku ya kuondoka alimwachia babu baiskeli yake, nyeusi, yenye taa ya mbele na kengele iliyosikika hadi ng'ambo ya mto. Nikamuuliza tena kuhusu mshahara. Akawauliza mashangazi waliokuwa naye barazani, nikawasikia wakibishana. Wote waliikumbuka baiskeli.