Jaja hakuhama, alihamishwa

Juzi tulikuwa kwenye lumbe, yaani matanga ya mwisho, ya baba mkubwa huku Uganda, Busoga, upande wa Iganga, dua imesomwa, watu wamekula pilau wameshiba, mzee mmoja wa ukoo akasimama kutueleza vijana tulikotoka. Akasema jaja wetu, babu yetu wa kale, alikuwa mtu wa Buvuma, visiwa vya Ziwa Victoria, fundi wa mitumbwi, "akahama kutafuta maisha". Watu wakaitikia mmh. Mimi nikanyamaza manake kwenye lumbe humkatizi mzee, lakini hilo neno "akahama" limenikaa kooni mpaka leo.

Maisha gani aliyokuwa anayatafuta jamani? Ziwa liko mlangoni, samaki hanunui, na zamani zile ukijua kushona mtumbwi wa mbao wewe ni mtu wa maana.

Kilichowatoa ni malale, huku wanaita mongota. Mengo hospitali, pale Kampala, waliona wagonjwa wa kwanza 1901, na mpaka kufika 1920 inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha, wengi wa ufukweni na visiwani. Bibi yangu alisimuliwa na baba mkwe wake, ambaye alivushwa maji akiwa mtoto, jinsi mama yake alivyoondoka: anamenya matoke, kisu mkononi, usingizi unamchukua palepale, unamtikisa anamenya mbili tatu, analala tena, hivyo wiki kwa wiki mpaka ikawa hata ukimlisha anasahau kumeza, chakula kinabaki shavuni. Bibi akifika hapo alikuwa anajipapasa shingo bila kujua, manake shingoni ndiko walikuwa wanakaguliwa, tezi zikivimba ndo basi. Dawa yenyewe nayo ilikuwa balaa, kule visiwa vya Ssese daktari Mjerumani Robert Koch alikuja 1906 akawa anawachoma atoksili, kitu chenye aseniki, wengine wakapofuka.

Gavana Mwingereza Hesketh Bell akaamua watu waondolewe kwenye maeneo ya mbung'o, nzi anayeambukiza malale. Kwanza wa ufukweni, maili mbili kutoka majini, halafu visiwa vikafuata hadi 1909 hivi. Kuvua marufuku. Sisemi uongo, vifo vilipungua, na mbung'o hana siasa. Lakini nani aliwauliza? Jaja alikuwa na mtumbwi ameushona nusu, mbao za upande mmoja tayari, akaambiwa twende.

Na Busoga walikofika ilikuwa imetoka kwenye njaa ya 1908, kwa hiyo mgeni anakuja kuomba chakula kwa mtu ambaye mwenyewe ana mwaka mmoja tu tangu azike watoto. Kodi inataka rupia, na mvuvi asiye na ziwa rupia anaitoa wapi? Vita ikaja 1914, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ikafuata njaa nyingine 1918 na 1919 pamoja na homa. Nikihesabu hivyo nashangaa mimi niko hapa naandika kwenye simu.

Sasa mtasema neno moja tu linakusumbua nini. Linanisumbua kwa sababu kila mpaka wa shamba ukileta kesi pale kijijini, jirani anatuambia sisi bagwira, yaani wageni, si mlikuja wenyewe? Miaka zaidi ya mia! Na mzee wetu mwenyewe, kwenye mkutano wa ukoo, anampa jirani jibu. Akifa yeye watoto watabaki na "akahama" hiyohiyo. Ukienda Buvuma leo nako sehemu kubwa ni msitu wa serikali, sasa michikichi imeingia, huwezi kumwonyesha mtu kiwanja ukasema hapa ndo petu.

Kwenye teksi ya kurudi Jinja nilimwelezea senga, shangazi yangu, yote haya, nikadhani amelala. Tunafika Bugembe ndo akafungua mdomo:

"Sasa ule mtumbwi alimwachia nani?"