Boksi Kwanza, Kichwa Baadaye

Wimbo wa nne, ubeti wa pili, besi ikakatika. Hapakuwa na mkwaruzo wala harufu ya kuungua. Sauti ilikuwepo, mara haipo. Mpiga ngoma aliinua uso akaniangalia, mwimbaji akaendelea kuimba peke yake. Nikageuka nyuma nikakuta kitaa chekundu kinawaka kwenye kichwa cha amplifaya, yaani kisanduku kinachoyasukuma maboksi ya spika. Niliweka kiganja juu ya bati lake nikakitoa upesi, maana lilikuwa la moto kama pasi. Dakika chache baadaye kikarudi, tukapiga nyimbo mbili, kikazima tena.

Nilikuwa nimechomeka maboksi mawili ya spika, kila moja la omu 4. Nyuma ya kichwa, pembeni ya tundu la waya wa spika, palikuwa na maandishi madogo yanayosema kima cha chini ni omu 4. Nilikuwa nimeyasoma. Nikaona boksi ni 4, kichwa ni 4, namba zimelingana, basi. Boksi la pili niliongeza siku hiyohiyo kwa sababu ukumbi ulikuwa mkubwa, na sikufikiri kwamba kwa kuliongeza nilikuwa nimeubadilisha mzigo wote.

Tangu hapo jambo hili limenikaa moyoni. Kila nikiongea na mpiga besi anayetaka kununua vifaa, namwona anaanzia palepale nilipoanzia mimi: anauliza kichwa kina wati ngapi. Boksi linakuja mwisho, kwa pesa iliyobaki. Mimi nasema tugeuze mpango huo. Boksi ndilo linaloamua utasikika vipi na kwa ukubwa gani; kichwa kitafutwe baadaye, kwa kufuata vipimo vya boksi.

Nianze na omu, maana hapo ndipo vitu vinapoungua. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani boksi linauzuia umeme kwa kiasi gani. Wengi hudhani namba kubwa ni mzigo mkubwa, kumbe ni kinyume chake. Boksi la omu 8 linaruhusu umeme kidogo upite, la omu 4 linaruhusu zaidi, la omu 2 zaidi tena, na umeme wote huo unatoka kwenye kichwa. Ukichomeka boksi la pili, umeme umepata mlango wa pili wa kupitia. Ndiyo maana maboksi mawili ya omu 8 kwa pamoja ni omu 4, na mawili ya omu 4 ni omu 2. Wala haisaidii kuchomeka boksi la pili kupitia tundu la boksi la kwanza badala ya kwenye kichwa: matundu mawili ya nyuma ya karibu kila boksi la besi yameungwa sambamba, yaani kila boksi linabaki na mlango wake wa umeme, hesabu ni ileile. Kichwa changu kilichojengwa kubeba omu 4 kilikuwa kinasukuma umeme kwenye omu 2. Kilijizima ili kisife. Kisingekuwa na ulinzi huo, transista zake zingeungua usiku uleule.

Ukichanganya boksi la omu 8 na la omu 4 unapata kama omu 2.67, na tatizo haliishii hapo. La omu 4 linachukua theluthi mbili za nguvu, la omu 8 linabaki na theluthi moja. Kama la omu 4 ndilo dogo, ndilo linalotwishwa zigo. Mimi siuungi mkono mchanganyiko huu hata kwa kichwa kinachokubali kushuka hadi omu 2.

Kwa hiyo anayenunua boksi lake la kwanza ningemwambia achukue la omu 8. Najua atakachoambiwa na muuzaji: kichwa hiki kinatoa wati 500 kwa omu 4, kwa omu 8 utapata kama 280 tu, kwa nini utupe karibu nusu ya nguvu? Kwenye karatasi ni kweli. Masikioni, tofauti ya wati 500 na 280 ni desibeli 2.5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukikaa kimya ukalinganisha moja baada ya nyingine utaisikia. Bendi ikiwa imewaka, hata wewe mwenyewe unayepiga ni vigumu kuitambua. Na hicho kidogo ulichoacha kinakununulia nafasi ya kuongeza boksi la pili linalofanana kabisa na la kwanza. Siku hiyo kichwa kinatoa nguvu yake yote, na eneo la spika linalosukuma hewa limekuwa mara mbili. Kwenye sauti nzito unapata jumla ya desibeli kama 5 na nusu. Ukianza na boksi la omu 4 kwenye kichwa cha omu 4, mlango huo umeshaufunga.

Vichwa vya valvu, vile vya zamani vyenye taa za kioo badala ya transista, vina sheria yao. Hapo katikati ya valvu na boksi kuna transfoma, na transfoma inataka mzigo uleule iliyotengenezewa. Ndiyo maana nyuma ya kichwa mara nyingi kuna swichi ya kuchagua omu, kwa mfano 2, 4 au 8: unahesabu jumla ya maboksi yako, kisha unaweka swichi hapo. Na kosa baya zaidi ni tofauti na lile la transista. Kichwa cha transista ukikiwasha bila boksi hakiumii. Cha valvu ukikipiga bila boksi, au waya ukichomoka katikati ya wimbo, volti hupanda ndani ya transfoma hadi cheche ziruke na transfoma ife. Nimekuwa na mazoea ya kuchomeka waya wa spika kabla ya waya wa umeme, na kuuchomoa wa mwisho. Nafanya hivyo hata kwa kichwa cha transista, ili mkono usisahau.

Kuna mfano mmoja wa historia ninaoupenda kwa sababu unaonyesha boksi na kichwa vikifikiriwa kama kitu kimoja. Mwaka 1969 kampuni ya amplifaya ya Ampeg ilitoa kichwa cha besi kiitwacho SVT: valvu 14, wati 300, kiasi kisichokuwa cha kawaida kwa besi enzi hizo. Spika za wakati ule zisingeweza kuustahimili mzigo huo kwa boksi moja. Basi kichwa kikaandamana na maboksi mawili, kila moja lina spika 8 za inchi 10. Boksi lenyewe limezibwa, halina tundu la hewa, na sauti yake huanza kupungua kabla ya kufika kwenye noti ya E ya chini kabisa, ile ya uzi mnene wa besi ya nyuzi nne. Hata hivyo ukisimama mbele yake unasikia besi nzito yenye kifua. Sikio hupata sauti za juu zinazozaliwa na noti ile, ubongo ukaijaza sehemu ya chini wenyewe. Ndiyo sababu huwa sivutwi sana na boksi linalojisifu kushuka chini mno. Linaloshinda jukwaani ni lile linalotoa noti yenye umbo, iliyokaa mahali pake kati ya teke la ngoma na gitaa.

Sasa tuje kwenye namba ambayo karibu hakuna anayeiuliza, nayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko wati: usikivu wa boksi. Hupimwa kwa desibeli, kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Boksi moja linaandikwa 94, jingine 100. Tofauti ya 6 inaonekana ndogo. Lakini kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, kwa hiyo desibeli 6 ni mara nne. Boksi la 100 likipewa wati 100 litalingana na la 94 lililopewa wati 400. Mtu anaweza kununua kichwa kikubwa mara nne, akakibeba, akakilipia, na mwisho wake akafika pale ambapo boksi zuri lingemfikisha kwa kichwa chake cha zamani. Namba hii nayo isomwe kwa tahadhari, kwani mara nyingi hupimwa kwenye sauti za kati ambako kila boksi lina kelele. Hainiambii chochote kuhusu E ya chini. Hapo ni lazima niende na gitaa langu mwenyewe, nichomeke, nisikilize.

Boksi dogo, linaloshuka chini sana, na lenye kelele kwa wati chache halipo. Josef Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957, ndiye anayehusishwa na kanuni hiyo: kati ya udogo wa boksi, kina cha besi, na ufanisi, unachagua mawili, la tatu unalilipia. Sumaku nyepesi za neodimiamu zimepunguza uzito mgongoni, na vichwa vya siku hizi vyenye wati mamia vinaingia kwenye mkoba wa gitaa. Lakini ukubwa wa boksi, yaani hewa iliyo ndani yake, haupunguzwi na sumaku. Nikiona boksi dogo linaloshuka hadi chini kabisa, najua litanidai wati nyingi, na wati nyingi zinanirudisha kwenye joto na safari ya koni, yaani ule uso wa spika unaokwenda mbele na nyuma kusukuma hewa.

Safari ya koni ndiyo inayosahauliwa zaidi. Boksi likiandikwa wati 400, namba hiyo kwa kawaida ni ya joto: koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaweza kubeba kiasi hicho bila kuungua. Haisemi koni inaweza kwenda mbele na nyuma kiasi gani. Ukishuka oktava moja, kwa sauti yenye ukubwa uleule, koni inatakiwa kusafiri mara nne zaidi. Uzi wa E unatetema kwa hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B wa gitaa la nyuzi tano, hezi 31. Hatua hiyo ndogo peke yake inadai safari kama mara 1.8. Kwa noti hizo koni inaweza kufika mwisho wake kwa nusu ya wati zilizoandikwa, au hata chini ya hapo. Boksi lenye tundu la hewa lina hatari zaidi, maana likipelekwa chini ya sauti lililopangiwa, koni inapoteza ule mto wa hewa unaoishika. Utaisikia inagonga, tok, tok, kama kidole kwenye ubao. Ukisikia hivyo, punguza besi kwenye kichwa papo hapo, usingoje wimbo uishe. Mimi sasa sipigi bila kichujio kinachokata kila kitu kilicho chini ya hezi 30 na kitu. Hakuna aliyewahi kuniambia besi imepungua, na koni zimetulia.

Kwa hiyo lile swali la kila siku, kichwa cha wati 500 kinafaa boksi la wati 300?, mimi najibu kinafaa, kama una masikio na unayatumia. Ile imani kwamba kichwa kidogo ndicho kinachoua spika siikubali kama inavyosemwa. Spika ya besi inauawa na joto au na safari iliyopitiliza, bila kujali vimetoka kwenye kichwa gani. Kichwa kidogo kilichokazwa hadi sauti inapasuka kinaweza kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, hilo kweli, lakini mpigaji anayekaza hivyo kwa kawaida ana boksi lisilomtosha. Mara nyingi hata hajisikii kwa sababu boksi liko sakafuni linapigia magoti yake, huku walio mbele wanaziba masikio. Kabla ya kununua chochote, liinue boksi lifike karibu na kiuno, au ulilaze kwa mshazari likutazame usoni.

Waya: tumia waya wa spika, mnene, wenye nyuzi mbili zilizo sawa. Waya wa gitaa ni mwembamba, una kinga ya kelele, na haukutengenezwa kubeba umeme huu. Plagi zinafanana, ndipo watu wanapokosea.

Jambo la mwisho ni maboksi yaliyotumika. Niliwahi kununua moja lenye kibandiko cha omu 8 kilichoandikwa vizuri tu. Kwa kuwa nilishaungua mara moja, nililipima kabla ya kulichomeka: nikaingiza waya kwenye boksi, nikagusa ncha mbili za plagi ya upande wa pili kwa mita ya kupimia omu. Boksi la omu 8 husoma kati ya 5 na 7, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu, na la omu 4 husoma 3 na kitu. Langu lilisoma 3.3. Nikafungua skrubu za wavu wa mbele, nikatoa spika moja, nikakuta mwenye nalo wa kwanza alishabadilisha zote mbili akaweka za omu 8, zimeungwa sambamba. Niliziacha zilivyo, maana zilikuwa nzuri. Kibandiko nilikikwangua, nikaandika 4 kwa kalamu ya wino mzito kando ya tundu, namba kubwa inayosomeka hata taa za jukwaani zikiwa hafifu. Boksi hilo nalipiga peke yake.