Kukata kingi ao kidogo? Kansere ya uke wa nje na miguu ya bamama ba Bukavu

Shangazi yangu aliwashwa miaka miwili. Kila jioni anakaa mu beseni ya permanganati (dawa ya kuua vijidudu), kituo kimoja cha afya kinamupa pomadi, ikiisha anapewa ingine, na hakuna hata mutu mumoja aliyemwambia avue amuangalie. Siku docta mwengine alimuangalia akakuta kidonda kama punje ya haragi kwenye shavu la uke, upande wa kushoto, juu ya ngozi iliyogeuka nyeupe kama karatasi. Walikata kipande kidogo kukipima, njo biopsi, ikasema kansere.

Hapo familia ikagawanyika. Wajomba: bakate yote, bamalize. Dada zake: bakate kidogo, bamuachie mwili wake. Na nikisoma naona hata madocta wamebishana vilevile miaka mingi, kwa hiyo tusiwacheke wajomba.

Zamani walikuwa wanatoa uke wote wa nje pamoja na mitoki (tezi) ya kinena pande zote mbili kwa mukato mumoja mukubwa, na vidonda vilikuwa vinafumuka sana. Leo wanakata uvimbe na ngozi nzima kidogo kuuzunguka, na kinena wanakipasua mbali kivyake. Estadi, ni kusema kansere imefika wapi, njo inaamua. Kansere ikiwa ingali mu uke wa nje tu, haizidi sentimita 2 na imeingia chini milimita 1 ao pungufu, mitoki inaachwa. Ikizidi milimita 1 lazima mitoki ichunguzwe, maana ikifika kule ni estadi ya 3 na mambo yanabadilika kabisa: mu hesabu za Marekani, ambao kansere haijatoka mahali ilipoanzia karibu 86 kwa 100 wako hai kisha miaka 5, ikifika mitoki ni kama nusu, ikisafiri mbali ni kama 1 kwa 5.

Upande wa "kidogo" una nguvu. Kuna njia ya kudunga rangi na dawa ya mionzi karibu ya uvimbe, wanatoa mutoki wa kwanza unaopokea ile rangi, ukiwa safi mingine wanaiacha. Utafiti uliotoka 2008 ulionyesha kwamba kwa wenye uvimbe mumoja usiofika sentimita 4 na ule mutoki wa kwanza ukakutwa safi, kansere ilirudi kinenani kwa 2.3 kwa 100 tu. Ni kidogo sana.

Lakini ile 2.3 inasimama juu ya vitu: dawa ya mionzi, mutu wa laboratwari anayekata mutoki vipande vyembamba vyembamba, na mama anayerudi kuangaliwa mara kwa mara. Sisi Bukavu hata mashine ya mionzi ya kutibu kansere hatuna, ni kuvuka muto Rusizi kwenda Kigali, Rwanda, na mupaka ukifungwa je? Kansere ikirudi kinenani wanaopona ni wachache mno. Kukata kidogo bila kufuatilia mi naona ni kumuacha mama peke yake na bahati.

Ila wajomba nao hawakuwaza mguu. Mitoki ikitolewa maji ya mwili yanakosa njia, mguu unavimba, na muji wetu ni milima tupu. Shangazi anapandisha mifuko ya unga soko ya Kadutu, mugongoni, kamba kwenye paji. Mguu ni kazi yake, na kazi ni ada ya watoto.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: mahali hakuna ile rangi, mitoki itolewe, lakini uvimbe ukiwa mudogo na uko pembeni, mbali na katikati, waanze na upande mumoja tu, ule mwingine waufungue kama wa kwanza umekutwa na kansere. Na mutu asikubali kisu mbele matokeo ya biopsi hayajasema kansere imeingia chini milimita ngapi. Yake yalisema 3. Walitoa mitoki ya kushoto, yote ikakutwa safi, kulia hawakugusa.

Jioni mguu wa kushoto unavimba, anaulaza juu ya bido ya maji huku anachambua sombe, na mifuko sasa anabeba nusu.