Kabla ya Kuchagua Fremuweki, Niambie Kazi Itaonekana Wapi

Vijana wa hapa Mombasa wanaochora kwa kodi, yaani kwa kuiandikia kompyuta maagizo, hawaishi kuulizana: nianze na fremuweki gani, yaani kifurushi kipi cha zana za kuchorea? Majibu wanayopewa ni ushabiki mtupu. Huyu anasifia lugha ya JavaScript, yule anakuambia usipojua ile ya C++ bado hujaanza. Mimi huuliza kwanza kazi yenyewe itaonekana wapi.

Ikiwa ni kwenye simu za watu, chukua p5.js, fremuweki ya JavaScript, wala usijisumbue. Lauren Lee McCarthy aliianzisha mwaka 2013, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na anayetaka kuona ulichochora unamtumia linki WhatsApp. Hakuna cha kusakinisha.

Lakini tuseme unataka kubuni leso. Leso ni hesabu tupu: pindo linalojirudia pande zote nne, mji katikati, na jina. Vitanzi viwili vya "for", yaani maagizo ya kurudiarudia, vinatosha kulijaza pindo, na ukibadilisha namba moja tu unapata pindo jingine kabisa. Hapo utakesha, nakuambia! Balaa ni siku ya kumpelekea mchapaji. Mchoro mpya kwenye kihariri cha p5.js huanza na pikseli (vidoti vya picha) 400 kwa 400, na leso ina urefu wa karibu mita moja na nusu. Ukiuvuta mchoro huo ukaenea, kila sentimita ya kitambaa inapata pikseli zisizotimia 3, na ile korosho uliyoipinda kwa ustadi inatoka na meno ubavuni. Pikseli waweza kuongeza, ndiyo, mpaka kivinjari kigande.

Kwa kazi hiyo naifungua Processing, waliyoianza Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001. Ni ya lugha ya Java, ina umri wake, na wako wanaoicheka. Wacheke. Inakuja na maktaba (kodi iliyokwisha kuandikwa) ya kutoa PDF, na mistari ikishakuwa vekta, yaani imehifadhiwa kwa hesabu badala ya pikseli, waweza kuikuza ifunike ukuta mzima wa Fort Jesus na isiharibike. Kwenye p5.js, faili ya vekta utaitafutia maktaba ya pembeni.

Na openFrameworks? Hiyo ndiyo fremuweki ya C++ yenyewe, na kwa kazi za kamera na projekta ina nguvu kwelikweli. Kama unazo na umeshapata ukuta Mji wa Kale, nenda. Kama huna hata projekta ya kuazima, sioni unaharakia nini huko.