Kuhamisha websaiti zote za shirika kwenye platifomu moja: faida ipo, ila inategemea nani anabaki na kurasa

Shirika lolote lililokaa mtandaoni zaidi ya miaka kumi huwa lina websaiti nyingi kuliko viongozi wake wanavyojua. Ipo ile kubwa yenye nembo, zipo za idara, ipo ya mradi ulioisha kitambo lakini sava bado inalipiwa, ipo ya kongamano la mwaka mmoja tu, na ipo ile iliyotengenezwa na mtu aliyeshaacha kazi na paswedi hakuna anayeijua. Sasa siku aitii wakisema jamani tuzihamishe zote kwenye CMS moja mpya, yaani programu ya kuendesha websaiti na kuchapisha kurasa zake, watu wanagawanyika hapohapo, wengine wanaona wamepona, wengine wanaona wananyang'anywa kitu chao. Mi naona pande zote mbili zina hoja nzito, shida ni kwamba mabishano mengi yanaishia kwenye jina la platifomu, WordPress au Drupal au ile ya kulipia laisensi, wakati kinachoamua kama zoezi litafaulu ni nani atabaki kuwa mwenye kila ukurasa mafundi wakishaondoka.

Tuanze na usalama maana ndo hoja yenye nguvu kuliko zote. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal walitangaza tundu kubwa kwenye toleo la 7, mtu aliweza kupenyeza amri zake kwenye databesi bila hata kuwa na akaunti, na wiki mbili baadae timu yao ya usalama ikasema wazi kwamba websaiti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya masaa 7 tangu tangazo ihesabiwe imeshaingiliwa. Masaa 7! Sasa chukua shirika lenye websaiti arobaini, kila moja na kopi yake ya programu, nyingine kwenye sava ya idara, nyingine kwa hosti wa nje, nyingine hazina hata mtu wa kupokea imeili ya tahadhari, nani atazifikia zote kwa muda huo? Zikiwa kwenye kodi moja, yaani nakala moja ya programu, fundi mmoja anaziba mara moja na zote zimepona. Hapo anayepinga kuhama ana kazi ngumu sana ya kujibu.

Halafu kubaki ulipo nako kuna gharama, ila haiandikwi kwenye bajeti yoyote ndo maana watu hawaioni. Drupal 7 ilitoka Januari 2011, ikapangiwa kufikia mwisho wa huduma Novemba 2021, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikafungwa rasmi tarehe 5 Januari 2025. Muda wote huo mashirika mengi yalikuwa bado yamekwama humo, na wala sio uvivu. Drupal 8 ya Novemba 2015 ilijengwa upya juu ya Symfony, mkusanyiko wa vipande vya kodi vya kujengea websaiti, kwa hiyo kutoka 7 kwenda 8 ilikuwa ni kujenga websaiti nyingine kisha kuhamishia maudhui ndani yake, na moduli (vipande vya nyongeza) ulizojitengenezea mwenyewe ilibidi uziandike upya. Anayesema tusubiri kwanza ajue anachosubiri kinazidi kuwa kigumu, kila mwaka kurasa zinaongezeka na wanaoujua mfumo wa zamani wanapungua.

Lakini sasa upande wa pili, na hapa wauzaji wa platifomu huwa wanapita haraka. Kodi ikiwa moja basi na tundu ni la wote. Plagini moja, kile kipande cha programu cha kuongeza kazi kwenye websaiti, ikipata apdeti mbovu Ijumaa jioni, zinalala zote arobaini. Chukua WordPress, ile hali ya kuendesha websaiti nyingi kwa pamoja iliingizwa kwenye programu yenyewe toleo la 3.0 mwaka 2010, na inavutia kweli, unasakinisha mara moja, templeti (umbo la ukurasa) moja, plagini mara moja. Ila ukichungulia ndani utakuta databesi ni moja, jedwali la watumiaji ni moja kwa websaiti zote, na machapisho ya kila websaiti yamekaa kwenye majedwali yenye namba yake. Siku idara ikitaka kujitoa, au mradi ukikabidhiwa kwa shirika lingine, kuichomoa ile moja peke yake ni kazi hasa, watumiaji ni wa pamoja na mafaili yamewekwa kwenye folda zenye namba. Drupal wao hali yao ya websaiti nyingi kwa pamoja kawaida inatumia kodi moja lakini databesi mbalimbali, kwa hiyo kuichomoa ni nafuu kidogo ila kila apdeti inabidi uipitishe kwenye databesi moja moja. Hakuna iliyo bora kwa kila shirika, inategemea kama websaiti zenu zitakaa pamoja milele au zinakuja na kuondoka na miradi, na hilo ni swali la uongozi kulijibu kabla fundi hajagusa kitu.

Na utegemezi haumalizwi na programu kuwa huria, yaani kodi yake kuwa wazi kwa yeyote. Septemba 2024 mgogoro kati ya upande wa Automattic, kampuni ya mwanzilishi mwenza wa WordPress, na kampuni ya hostingi ya WP Engine ulifika mahali wateja wa WP Engine wakakuta websaiti zao haziwezi kuvuta apdeti za plagini kutoka WordPress.org, ghala zinakotolewa, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Kodi ilikuwa huria ileile, lakini njia ya kupata apdeti ilikuwa mkononi mwa mtu. Kwa hiyo ukihamia popote, huria au ya kulipia, jiulize siku ya kuondoka utatokaje. Hata ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009, na Desemba 2017 ikahamia WordPress. Hii platifomu mpya mnayoishangilia nayo itakuja kuhamwa, hivo muulizeni muuzaji mapema maudhui yanatolewa kwa umbo gani, na myatoe kwa majaribio kabla ya kusaini, sio kukubali jibu la mdomo.

Nikija kwenye kazi yenyewe, sehemu inayoua muda wala sio kusakinisha, ni maudhui. Mtu aliyejenga kurasa zake kwa plagini ya kuburuta na kuweka vitu, ukizima ile plagini maandishi yanabaki yamejaa vikodi vya mabano ya mraba kila aya, na hakuna skripti inayosafisha hayo yote bila binadamu kupitia. Picha zinakuja bila maelezo yake. Fomu haziji kabisa. PDF zinakuja ila linki zilizo ndani yake zinaelekea anwani ya zamani na hakuna wa kuzihariri. Halafu kipindi cha katikati inabidi msimamishe kuchapisha au mchapishe mara mbili, kwenye mfumo wa zamani na mpya, na wanaobeba mzigo huo ni wahariri wa idara ambao hawakuulizwa. Mikutano ya kuchagua platifomu wanakaa aitii, mawasiliano na manunuzi, na asiyekuwepo na lake halipo. Matokeo yake templeti zinatoka zimekaa vizuri kwa habari na picha za viongozi, ila idara ya utafiti yenye majedwali marefu ya data haina pa kuyaweka, basi wanafungua websaiti nyingine pembeni kimyakimya na mnarudi kulekule.

Mfano ambao napenda watu wauangalie vizuri ni wa Uingereza na GOV.UK, websaiti moja ya serikali yao. Ilizinduliwa Oktoba 2012 ikachukua nafasi ya websaiti za serikali za awali, Directgov na Business Link, zikafuata wizara zote 24, halafu mashirika na wakala zaidi ya 300 mpaka mwisho wa 2014. Wengi wanausoma kama ushahidi kwamba kuunganisha kunawezekana, sawa, lakini mi naona la maana zaidi ni namna walivyofanya. Walihamisha kwa mafungu, sio zote siku moja. Maudhui hayakubebwa yalivyo, waliuliza mwananchi anahitaji nini na mengi wakayaacha. Na yaliyoachwa hayakupotea hewani, walikuwa na zana maalum ya anwani za zamani, ukibonyeza linki ya zamani aidha unapelekwa kwenye ukurasa mpya au unaambiwa ukurasa umeondolewa na unapewa linki ya kopi iliyohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa. Hiyo ni kazi kubwa ya kuchosha, ukurasa kwa ukurasa, na ndo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Hapo kwenye anwani sina subira kabisa. Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri za wavuti hazibadiliki, na bado leo shirika linahamia platifomu mpya na linki zake zote za miaka kumi zinakufa usiku mmoja. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2024 ulikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazifikiki tena muongo mmoja baadae. Sio zote zimeuawa na uhamishaji, lakini uhamishaji wa hovyo ni njia ya haraka kabisa ya kuua kurasa elfu kwa mpigo. Wengine wanafanya funika kombe mwanaharamu apite, wanaelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyekuja kutafuta ripoti fulani anaishia kwenye picha ya mkurugenzi, na Google nao wanaweza kuhesabu huko kama ukurasa haupo. Kila anwani ielekezwe kwa 301, yaani maelekezo ya kudumu, kwenda kwenye ukurasa unaolingana nao, Google wenyewe wanashauri maelekezo hayo yabaki angalau mwaka mmoja, na kama mnaweza yaacheni daima, faili la maelekezo halili kitu.

Kuna hoja ya ufikivu pia, nipite haraka. Templeti moja ikirekebishwa kwa viwango vya WCAG kwa ajili ya watu wenye ulemavu, websaiti zote zinafaidika kwa mara moja, na hiyo ni faida halali kabisa. Ila platifomu haitamwandikia mtu maelezo ya picha wala kuisafisha PDF iliyoskaniwa, hayo yanabaki kwa mhariri yuleyule ambaye hakuitwa mkutanoni.

Kwa hiyo mi niko upande wa kuhama, kwa sababu ya yale masaa 7, sioni jibu lingine la kweli kwa shirika lenye websaiti nyingi na mafundi wachache. Ila nakataa neno zote. Websaiti za miradi iliyoisha hazina haja ya CMS yoyote, zigandishwe ziwe kurasa za HTML tupu, hazina databesi, hazina pa kuingilia, hazidai apdeti, na anwani zao zinabaki vilevile. Zile zenye mifumo mizito ndani yake, usajili, malipo, data za utafiti, ziachwe zilipo mpaka zipate mpango wake. Zilizobaki ndo zihame kwa mafungu, mkianza na idara moja iliyokubali na ambayo ina maudhui magumu kidogo, maana mkianza na nyepesi mtajifunza mambo mepesi. Na kabla ya hata kutangaza zabuni hesabuni kurasa mlizonazo, kila ukurasa na jina la mtu anayewajibika, ukikosa mtu kwa muda mliokubaliana unahifadhiwa na hauhami. Ukali huo utaleta kelele, najua, ila ukurasa usio na mwenyewe ukiubeba leo utaukuta hivyohivyo miaka mitano ijayo ukiwa na taarifa za uongo chini ya nembo yenu.

Na mkataba wa mkandarasi usiishe siku ya uzinduzi. Malipo ya mwisho yasubiri mpaka linki za zamani zijaribiwe na wahariri wa idara waseme wanaweza kuchapisha wenyewe bila kumpigia fundi. Domeini za zamani nazo zisiachiwe ziishe muda eti kwa kuwa websaiti imehama, kuna watu kazi yao ni kununua domeini zilizotelekezwa wakaweka humo kamari na utapeli, huku linki kutoka shuleni, hospitali na serikalini bado zinaelekea huko. Gharama ya kuzilipia kila mwaka iandikwe kwenye bajeti ileile ya kuhama, na jina la mtu wa kuzilipia liandikwe pembeni yake.