Nimefungiwa kwa Fundi

Mwenye nyumba wangu hapa Maskati alizaliwa Unguja, akahamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964. Aliponialika harusi ya mwanawe akaniambia, "Usije na suti yako ya mkutano, mwanangu. Kashone kanzu."

Nikaenda soko la Matrah. Fundi akasema kanzu itakuwa tayari Jumatatu. Jumatatu nikakuta kitambaa bado kimekunjwa. "Kesho, inshallah." Sasa mimi nimelelewa Nairobi, ambako makanga anakusukuma ndani ya matatu kabla hujajua inaenda wapi. Hizo kesho zilinipandisha presha. Alhamisi nikaapa siondoki bila kanzu.

Fundi hakubishana. Akaniingiza nyuma ya pazia, akanivalisha kanzu yenye mkono mmoja, pini zimezunguka shingo na makwapa. Hata kile kishada cha kolani, ambacho Waomani hukitia manukato, kilining'inia kwa pini. "Subiri," akasema, akatoka. Nikadhani kafuata uzi.

Garagara! Mlango wa chuma umeteremshwa. Saa saba barabara, na ikifika saa saba soko linafungwa hadi saa kumi. Jua la Juni huku halina mzaha.

Nikaita kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu changu cha kuokoteza. Kimya. Kila nikiinua mkono pini inanidunga kwapani, kwa hiyo hata mlango niliugonga kwa adabu.

Nikampigia mzee mwenye nyumba. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mzee. Nimefungiwa dukani kwa fundi!"

"Feni ipo?"

"Ipo."

"Basi lala, mwanangu. Saa kumi atafungua." Akakata.

Nikikaa, pini. Nikiegemea, pini. Mwishowe nikajilaza juu ya majora, mikono nimeitanua kama shati lililoanikwa.

Kilichonishtua ni ukelele wa mtoto. Mteja wa kwanza wa jioni kaja na mwanawe, wamekuta maiti mwenye kanzu nyeupe anakoroma. Fundi wala hakushtuka. Akanizunguka polepole, akaokota pini sakafuni moja moja, akaguna.

"Umezilalia zote. Itabidi nikupime upya."

"Lini?"

"Kesho, inshallah."

"Kesho si Ijumaa?"

Akafikiri. "Kweli. Basi Jumamosi."

Harusi yenyewe ilikuwa Ijumaa usiku.