Wamuulize Deni Limetoka Wapi

Jumatatu jioni dadangu mdogo aliingia nyumbani Umoja na ile bahasha yake ya kaki, akaiweka kwa meza, akaenda kulala bila kula. Nikaifungua. Cheti cha polisi kiko, cha ushuru cha KRA kiko, cha mkopo wa masomo cha HELB kiko, fomu ya EACC, wale wa kupambana na ufisadi, iko na mhuri. Karatasi nne safi kabisa, na ya tano, ripoti ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu, ndiyo imemmaliza. Kazi yenyewe ni ya karani katika ofisi moja ya serikali hapa mjini na alikuwa ashapita intavyuu. Yule wa kaunta hata hakuisoma, aliona tu neno moja akamrudishia, "Madam, maliza deni kwanza ndio urudi." Atalimaliza na nini kama kazi ndiyo hiyo anayonyimwa?

Hilo deni nalijua vizuri juu ni letu sote. Mwaka 2023 mama alilazwa wiki tatu, bima ikalipa upande wake, tukachangiana na bado haikutosha, na dadangu ndiye pekee alikuwa na payslip kwa hivyo akaenda benki akachukua elfu sitini. Miezi michache baadaye kontrakti yake ikaisha, akakwama, siku 90 zikapita na jina likapelekwa CRB. Alipopata kibarua alianza tena kulipa, 3,000 kila tarehe tano, mpaka sasa imebaki elfu kumi na nne. Hakuna mahali kwa hiyo fomu ya kazi pa kuandika haya yote. Na hata akimaliza leo, ile rekodi mbaya inakaa miaka mitano.

Usiku nikampigia binamu yetu aliye jeshi la Marekani huko Texas, nilitaka tu kumwambia mtu. Akaniambia ndugu, hata mimi nimepitia hiyo. Kule ukitaka kibali cha usalama, kile cha kukuruhusu kushika siri za serikali, unajaza fomu inaitwa SF-86, na inakuuliza kama ndani ya miaka 7 umewahi kuchelewesha deni zaidi ya siku 120. Yeye alikuwa na bili ya hospitali iliyofika kwa wakusanyaji madeni. Akaiandika vile ilivyo, wakamtumia barua wakitaka kujua hilo deni limetoka wapi na analifanyia nini. Akatuma risiti na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, akapewa kibali. Mwongozo wao wenyewe, kile kipengele cha pesa wanachokiita Guideline F, umetaja kufutwa kazi, ugonjwa wa ghafla, talaka, kifo, kwamba hayo yakikupata na ukajibeba kiungwana mbele ya deni, yahesabiwe upande wako. Hakuna hata kiwango kimewekwa kwamba ukidaiwa dola kadhaa basi kwisha. Watu wengi wananyimwa kule kwa sababu ya pesa, sikatai, lakini wanaulizwa kwanza.

Na sawa, nakubali deni linaweza kumgeuza mtu. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alikuwa amelemewa na madeni baada ya talaka, mwaka 1985 akaenda ubalozi wa Wasovieti pale Washington, akawauzia siri kwa dola 50,000 za kuanzia, na watu waliuawa kwa ajili yake. Lakini hebu mwangalieni huyo huyo Ames miaka michache baadaye, bado akiuza siri. Hana shida tena ya madeni. Amenunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu na anaendesha Jaguar. Ungemuomba cheti cha CRB wakati huo angekuletea safi kuliko cha dadangu, na alikamatwa 1994, karibu miaka tisa baada ya kuanza! Ndiyo maana Guideline F hiyo hiyo inauliza pia utajiri usioelezeka, mtu anayeishi juu ya mshahara wake.

Hapo ndipo roho inaniuma. Mtu akila pesa za umma, mikopo yake yote inalipwa mapema, CRB haina neno juu yake, anapita na bahasha yake. Anayeshikwa ni aliyemlipia mama hospitali. Halafu tunasema tunalinda Sura ya Sita ya Katiba, na hiyo sura inazungumzia uadilifu. Mtu anayejinyima chakula cha mchana ili tarehe tano ifike na 3,000 iende, huyo uadilifu wake mnautafuta wapi kwingine? Mimi siombi deni lifichwe, waliangalie, waulize maswali magumu wakitaka, lakini wampe mtu ukurasa mmoja wa kujieleza na awepo mtu wa kuusoma.

Leo asubuhi nimechukua simu yake nikaenda cyber hapa stage, nikachapisha ujumbe wa malipo mmoja mmoja, 17 kwa jumla, karatasi moja shilingi kumi. Nimeziweka nyuma ya ile ripoti pamoja na bili ya mama na barua ya kuisha kwa kontrakti, nikazipiga stepla pembeni. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa. Dada amesema hataki kurudi pale kaunta kuaibishwa mara ya pili, nimemwambia nitaingia naye.